Semuliki 2017: majeshi yalikuwapo, msaada haukufika

Desemba 7 imerudi, na kwetu Kamango, katika eneo la Beni mashariki mwa Kongo, tarehe hiyo haihitaji maelezo. Jioni ya siku hiyo, mwaka 2017, waasi wa ADF waliivamia kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, kando ya barabara ya Mbau–Kamango. Vita viliendelea kwa masaa, giza likiwa limeshaingia. Watanzania 15 walipoteza maisha. António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alisema ni shambulio baya kuliko yote yaliyowapata askari wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya karibuni.

Na Beni haikukosa majeshi. Tangu Machi 2013 Baraza la Usalama lilikuwa limeunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. FARDC, jeshi la Kongo, walikuwa na operesheni Sukola 1 dhidi ya ADF tangu Januari 2014. Helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, zilikuwapo. Kwa nini basi vijana wale waliachwa wapigane peke yao?

Jibu limo katika uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov, matokeo yake yakatangazwa Machi 2018. Haukuficha kitu: hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu za ziada wala wa kuwatoa waliozingirwa. Amri na uongozi vilikuwa na kasoro; ndege, wahandisi na upelelezi havikutosha. Kila jeshi lilikuwa na silaha zake, lakini uzi wa kuyaunganisha usiku ule ulikosekana. Hilo linaniuma kuliko idadi yoyote ya risasi.

Adui alikuwa amejipanga kwa njia nyingine. Tangu kupoteza ngome yao ya Madina, Aprili 2014, ADF waliishi katika kambi zilizotawanyika msituni, wakikusanyika kushambulia, kisha wakitawanyika tena. Sisi Watalinga wa Kamango tulikuwa tumeshawajua: Julai 11, 2013 walipoingia Kamango, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda. Sikukuu ya Noeli mwaka huohuo ADF wakarudi.

Tangu Novemba 30, 2021 UPDF, jeshi la Uganda, na FARDC wako pamoja katika operesheni Shujaa. Ni vema. Lakini mkulima anayeona nyayo ngeni shambani asubuhi amwambie nani, na kambi ikivamiwa usiku, nani mwenye amri ya kutuma msaada? Wakubwa wa operesheni watujibu hadharani, hapa Kamango.