Sanaa ya sauti: Kanda zinazooza na kumbukumbu za nchi ya majani chai

UKISIMAMA kando ya barabara kuu ya Kericho kuelekea Nakuru, katika kituo cha biashara cha Chepseon, eneo la Kipkelion Mashariki, masikio yako hupokea mengi kwa mpigo. Malori hunguruma, makanga wa matatu huita abiria, redio ya dukani hupiga wimbo wa Kikalenjin na, alasiri ikifika, mvua huyacharaza mabati. Wapita njia wengi huyaita hayo kelele. Kwa msanii wa sauti, hiyo ndiyo malighafi.

Sanaa ya sauti haijulikani sana humu nchini, ingawa mojawapo ya nyimbo za Kiafrika zilizorekodiwa nyanjani na kusikilizwa kote duniani ilinaswa katika nchi hii hii ya majani chai, zaidi ya miaka 70 iliyopita. Makala haya yanaeleza sanaa hiyo ni nini, ilianzia wapi, na kwa nini watu wa Kericho na Bomet wana sababu ya kuijali kabla kanda za nyumbani hazijaoza na wazee wanaozielewa hawajatutoka.

Sanaa ya sauti ni nini?

Mwanamuziki hutunga wimbo kwa ala na koo za waimbaji. Msanii wa sauti huanza na sauti zilizopo tayari: mto, soko, mashine, mazungumzo ya jikoni, kanda kuukuu iliyookotwa ndani ya sanduku. Huzinasa, huzikata, huzipanga upya, huzirefusha au huzipishanisha hadi zijenge kazi moja ya kusikilizwa. Kazi hiyo huweza kuchezwa redioni, katika ukumbi wa maonyesho, kwenye intaneti au papo hapo mahali sauti zilikotoka.

Nguzo zake ni tatu. Ya kwanza ni sauti zilizonaswa nyanjani, yaani nje ya studio. Ya pili ni kanda za zamani, ziwe za kituo cha redio au za familia. Ya tatu ni kumbukumbu za wenyeji, ambao ndio wanaoweza kusema sauti fulani ilikuwa ya nani, ilitoka wapi na ilimaanisha nini. Nguzo hii ya tatu ndiyo hupuuzwa mara nyingi, ilhali bila hiyo zile mbili za kwanza huyumba.

Ilikoanzia

Wengi hudhani kuwa sanaa hii ilizaliwa Ulaya. Hata hivyo, mwaka 1944 mtunzi Mmisri Halim El-Dabh aliazima jijini Cairo chombo kilichonasa sauti kwenye waya mwembamba wa chuma. Alirekodi ngoma ya zari, ile ya kupunga pepo, kisha akaibadilisha sauti hiyo kwa mwangwi na mbinu nyingine za studio. Kazi yake ilitangulia kwa miaka minne ile ya Pierre Schaeffer wa Ufaransa, ambaye mwaka 1948 alitunga kipande kizima kwa sauti za garimoshi alizozirekodi katika stesheni moja jijini Paris.

Msomaji wa Londiani au Kipkelion hahitaji kwenda Paris ili kuelewa kazi hiyo ya Schaeffer. Reli iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901 hupitia katika vilima vyao, na kwa vizazi kadhaa honi ya garimoshi ilikuwa sehemu ya maisha yao.

Baadaye, katika miaka ya 1970, R. Murray Schafer na wenzake huko Vancouver, Kanada, walianza kurekodi sauti za mji wao kama mtu anayechora ramani. Hoja yao ilikuwa kwamba kila mahali pana sura ya sauti kama palivyo na sura ya ardhi, na kwamba sura hiyo hubadilika bila mtu kuweka kumbukumbu.

Kisa cha Chemirocha

Mwaka 1950, Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kurekodi muziki wa bara hili kwa miongo kadhaa, alifika Kapkatet katika wilaya ya Kericho wakati huo. Huko alirekodi nyimbo tatu za Wakipsigis zenye jina moja: Chemirocha. Ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake huku chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Wajaluo, ikilia, ndiyo iliyovuma kuliko zote.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za wageni. Katika ulimi wa wenyeji jina lake likalainika na kujiunga na majina mengi ya Kikalenjin yanayoanza kwa "Che". Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimhimiza acheze kwa kuruka hadi nguo zimvuke.

Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954. Taasisi hiyo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, na ndiyo inayohifadhi rekodi hizo. Wimbo wa Kapkatet ukasafiri ulimwenguni, na maelezo ya Tracey yakasafiri nao. Wasikilizaji wa ng'ambo wakasimuliana kisa cha kuchekesha cha wasichana wa Afrika na mwimbaji wa Marekani. Katika simulizi hiyo, sauti za wasichana zilisikika vyema, lakini fikra za jamii yao hazikusikika.

Mwaka 2015, miaka 65 baadaye, ILAM ikishirikiana na mradi wa Singing Wells ilirudisha nakala za rekodi hizo katika nchi ya Wakipsigis. Mradi huo unaendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na wakfu wa Abubilla Music. Mmoja wa wanaume waliomwimbia Tracey mwaka 1950 alipatikana akiwa hai, mzee wa zaidi ya miaka 80. Wazee waliweza kueleza mshangao ulioletwa na kisanduku kilichoimba pasipo mwimbaji kuonekana, katika zama ambazo mgeni mweupe alikuwa pia mtawala.

Maelezo hayo yanatuonyesha wimbo kwa sura nyingine. Kilichoonekana ng'ambo kuwa kichekesho kilikuwa pia namna ya jamii iliyotawaliwa kumpa jina mgeni, kumgeuza kiumbe wa ajabu na kumchezesha kwa mtindo wao. Kanda ilihifadhi sauti kwa uaminifu. Maana yake ilibaki vichwani mwa watu. Lau nakala hizo zingechelewa miaka 10 zaidi, huenda asingepatikana hata mmoja wa kuzisikiliza na kusema, "Huyo ni mimi."

Kanda zilizomo nyumbani

Hazina ya sauti ya eneo hili haiko Afrika Kusini pekee. Mjini Kericho, biashara ya Chandarana ilikuwa na duka la muziki na studio iliyowarekodi wanamuziki wengi wa magharibi mwa Kenya katika enzi za santuri. Magitaa ya Wakipsigis, likiwamo la Kipchamba arap Tapotuk, yalisikika katika nyumba nyingi.

Kisha ikaja kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Kaseti ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi mwenyewe. Harusi, kwaya za kanisa, hotuba za mazishi, hata salamu za kutumwa kwa jamaa wa mbali, zote ziliingia humo. Siku hizi nyingi zimo ndani ya makopo na masanduku chini ya vitanda, bila redio ya kuzichezea.

Kaseti haidumu milele. Ndani yake mna utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Unyevu hudhoofisha gundi hiyo, ukungu huota na unga hubanduka. Kericho, yenye mvua karibu mwaka mzima na inayosifika kwa mvua ya mawe, si mahali pa kuwekea kanda kwa kubahatisha. Mnamo 2019 ulianzishwa mradi wa kimataifa chini ya mwavuli wa Unesco kuonya kwamba mitambo ya kuchezea kanda ilikuwa inatoweka kwa kasi.

Mwaka 2001, msanii wa Marekani William Basinski alipokuwa akihamishia kanda zake za miaka ya 1980 kwenye kompyuta, aliona unga ukidondoka kila utepe ulipozunguka. Aliendelea kurekodi hadi sauti ikafifia. Kazi iliyotokana na uozo huo, The Disintegration Loops, ilimpa sifa kubwa. Lakini aliyekuwa akipoteza muziki alikuwa mwenye kanda mwenyewe. Kwa familia ambayo sauti ya pekee ya nyanya yao imo katika kaseti moja, uozo si sanaa. Ni msiba wa pili.

Wakenya wa kizazi kipya

Vijana wa Kenya wameanza kuonyesha njia. Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, ni mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu huyo amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake, na wakati huo huo amejipatia jina kimataifa kwa kazi zinazotokana na sauti za nyanjani, kama Peel ya mwaka 2020. Katika Temporary Stored ya mwaka 2022 alitumia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, akiuliza kwa njia ya sauti ni nani anayestahili kuzimiliki.

Naye Nyokabi Kariũki alitoa mwaka huo huo peace places: kenyan memories, kazi iliyofumwa kwa sauti za mahali alipopapenda, likiwamo shamba la nyanya yake. Wote wawili wanathibitisha kuwa sauti ya nyumbani haihitaji kuvishwa nguo za kigeni ili isikilizwe ughaibuni.

Kazi ya Chepseon ingefanywaje?

Tuchukue mfano wa kijana wa Chepseon mwenye simu na kinasasauti kidogo. Hatua ya kwanza ni kunasa sauti zinazobadilika. Majani chai yamechumwa kwa mkono tangu mashamba makubwa ya Kericho yalipoanzishwa katika miaka ya 1920: vidole vikikatua machipukizi, gumzo na nyimbo kati ya mistari ya michai. Leo mashine zimechukua nafasi ya mikono mingi katika mashamba hayo. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza baadhi ya mashine hizo huko Kericho, wakilalamikia kupotea kwa ajira. Mngurumo wa mashine na ukimya wa wachumaji waliopoteza kazi ni historia inayoweza kusikika.

Hatua ya pili ni kukusanya kanda. Kaseti ikaguliwe kabla ya kuchezwa, isafishwe kama ina ukungu, kisha ihamishiwe kwenye kompyuta katika faili isiyobanwa, angalau kwa kiwango cha herzi 48,000 na biti 24. Nakala mbili ziwekwe mahali tofauti, na kila moja iandikwe jina la msemaji, mahali, tarehe na lugha. Sauti isiyo na maelezo hayo huwa yatima.

Hatua ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: kuketi na wazee, kuwachezea zile kanda, na kurekodi wanayoyasema wanapozisikia. Kicheko, kimya na masahihisho yao viingie ndani ya kazi yenyewe. Hivyo msikilizaji wa mbali hupata wimbo pamoja na wenye wimbo.

Haki na tahadhari

Kumbukumbu si nyimbo za harusi tu. Hii ni nchi ambayo jamii za Wakipsigis na Watalai ziliondolewa katika ardhi yao na wakoloni ili kupisha mashamba ya majani chai. Aidha, sehemu za Kipkelion na Londiani zilikumbwa na mapigano ya kikabila mwaka 1992 na tena mapema mwaka 2008. Kanda moja inaweza kumliza mtu au kumtia hatarini. Anayerekodi hana budi kuomba idhini kabla, na kurudi kuomba tena kabla ya kuchapisha.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ulinzi wa rekodi ya sauti hudumu miaka 50. Rekodi ya mwaka 1950 kwa kipimo hicho imepitwa na muda. Lakini sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye mali, na inadai idhini yake pamoja na mgao wa haki wa faida. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na kinga kama hiyo.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Kwa watu wa Chepseon, Kapkatet na vilima vyote vya majani chai, kutoacha mila kunaweza kuanza na jambo dogo: kulifungua lile sanduku chini ya kitanda, kutafuta redio ya kaseti inayofanya kazi, na kumwita mzee aketi karibu asikilize.