Uzi: Mti uliosimama una bei gani? Miaka zaidi ya 40 ya kesi ya mbao

1/ Kila msimu wa siasa tunaisikia: "Bidhaa rahisi za nje zinaua viwanda vyetu, zipigwe ushuru!" Makofi, vuvuzela, tunaenda nyumbani. Hakuna anayeuliza swali la pili. Leo sitaji mtu wala chama. Nawapeleka Marekani na Kanada, kwenye kesi ya mbao iliyoanza 1982 na hadi leo haijaisha. Kaeni hapa kidogo.

2/ Chanzo ni ardhi. Kanada, zaidi ya asilimia 90 ya misitu ni mali ya umma, na mingi iko mikononi mwa serikali za majimbo. Kampuni ikitaka kukata, inalipa jimbo ada ya mti ukiwa bado umesimama. Marekani, miti mingi inayokatwa ni ya watu na kampuni binafsi, inauzwa kwa bei ya soko. Wenye viwanda vya mbao Marekani wanasema ada ya Kanada ni ya bure bure tu, hiyo ni ruzuku. Kanada inajibu: si ruzuku, ndivyo tunavyomiliki misitu yetu.

3/ Sasa, uchunguzi wenyewe. Ofisi ni mbili, maswali ni mawili. Wizara ya Biashara ya Marekani inauliza: ruzuku ipo? Kiasi gani? Tume ya Biashara ya Kimataifa ya hukohuko inauliza: viwanda vyetu vimeumia kwa sababu yake? Lazima yote mawili yajibiwe "ndiyo". Kulia tu kwamba biashara ni mbaya hakutoshi.

4/ Hapa ndipo penye utamu. 1983 wizara ilisema ada ile haiwezi kupigwa ushuru, kwa sababu haikulenga sekta moja peke yake. Kesi ikafa. 1986 wenye viwanda wakarudi, na wizara ileile, katika uamuzi wa awali, ikaona ruzuku ya asilimia 15! Misitu ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma sheria, na shinikizo la kisiasa Washington lilikuwa limepanda.

5/ Kabla uamuzi wa mwisho utoke, Desemba 1986 wakapatana: Kanada iwatoze wauzaji wake yenyewe asilimia 15 kwa mbao zinazoenda Marekani. Umeona hesabu hiyo? Mbao inabeba mzigo uleule, lakini pesa zinabaki Kanada badala ya kuingia hazina ya Marekani.

6/ 1991 Kanada ikajitoa. 1992 Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 6.51. Kanada ikakata rufaa kwa majopo ya mkataba wao wa biashara huria, na 1994 ushuru ukaondolewa, pesa zikarudishwa. 1996 wakaandikiana mkataba wa miaka 5. Ulipoisha 2001, kesi mpya. Kufikia 2002, ukijumlisha ushuru wa ruzuku na ule wa kuuza nje kwa bei ya kutupa, ni kama asilimia 27.

7/ Tufuate pesa. Hadi 2006, zaidi ya dola bilioni 5 zilikuwa zimekusanywa mpakani. Serikali ya Kanada haikutoa hata senti moja ya hizo. Ushuru hulipwa na anayeingiza mzigo, na mara nyingi huyo alikuwa kampuni ya Kanada yenyewe. Mkataba wa 2006 ukarudisha kama bilioni 4 kwa kampuni. Bilioni 1 ikabaki Marekani, na nusu yake ikaenda kwa wenye viwanda walioshtaki. Na yule aliyejenga nyumba wakati mbao zimepanda? Huyo hakurudishiwa kitu. Hakuwa hata kwenye chumba cha mazungumzo.

8/ Sisemi wenye viwanda ni waongo. Kiwanda cha mbao kikifungwa kwenye mji mdogo, mji wote unayumba, huku na kule kwa mpaka. Lakini mkataba wa 2006 ulipoisha 2015, wakarudi palepale: kesi 2016, ushuru wa kama asilimia 20 mwaka 2017, ukashuka hadi 8.59 mwaka 2022, kisha 2025 ukapanda hadi kama asilimia 35. Chama cha wajenzi wa nyumba Marekani kimekuwa kikilalamika muda wote huo. Ushuru wa kumaliza ugomvi umekuwa ndio ugomvi.

9/ Hii inatuhusu aje? Kenya pia tuna sheria, ya 2017, iliyounda wakala wa kuchunguza ruzuku na bidhaa za bei ya kutupa. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani kudai ushuru, muulizeni manne: Ruzuku iko wapi, na umeipimaje? Nani ameumia, na ni kwa sababu ya hiyo ruzuku kweli? Nani atalipa? Na ikigundulika mlikosea, nani atarudishiwa?

10/ Swali la nne ndilo huwa halijibiwi. Fundi aliyenunua mbao ghali hana wakili kwenye kesi hiyo. Wewe unaonaje, kiwanda kilindwe hata kama mjenzi ataumia? Niambieni hapa chini, bila matusi tafadhali.