Jamie Foxx

Jamie Foxx (jina la kuzaliwa: Eric Marlon Bishop; amezaliwa Terrell, Texas, 13 Desemba 1967) ni mwigizaji wa filamu, mchekeshaji na mwanamuziki kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa kucheza kama Ray Charles katika filamu ya Ray (2004).

Maisha ya awali

Alilelewa na babu na bibi yake. Bibi ndiye aliyemwanzisha kupiga piano akiwa na umri wa miaka mitano, na baadaye alisomea muziki chuo kikuu mjini San Diego.

Uchekeshaji

Alianza kuchekesha jukwaani mwaka 1989. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona kwamba wachekeshaji wa kike huitwa mapema kwa kuwa ni wachache, hivyo akajiandikisha kwa jina linaloweza kuwa la mwanamke au mwanamume. "Foxx" ni kumbukumbu ya mchekeshaji Redd Foxx. Mwaka 1991 alijiunga na kipindi cha televisheni cha In Living Color, na kuanzia 1996 hadi 2001 alikuwa na kipindi chake, The Jamie Foxx Show.

Filamu

Filamu zake za mwanzo, kama Booty Call (1997), zilikuwa za vichekesho vyepesi. Mabadiliko yalianza na Any Given Sunday (1999), alipocheza kama mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Kisha mwongozaji Michael Mann alimpa nafasi katika Ali (2001) na Collateral (2004).

Katika Ray alitumia ujuzi wa aina mbili aliokuwa nao tangu zamani: kuiga watu, kazi ya kila siku ya mchekeshaji, na kupiga piano. Sauti ya kuimba kwa sehemu kubwa ni ya Ray Charles mwenyewe, lakini piano alipiga Foxx. Wakati wa kurekodi macho yake yalifunikwa asione kabisa. Ray Charles, aliyewahi kupiga naye piano kabla ya kazi kuanza, alifariki 10 Juni 2004, miezi michache kabla filamu haijatoka.

Mwaka 2005 Foxx alishinda Tuzo ya Akademi ya Mwigizaji Bora wa Kiume, akiwa mwanamume mweusi wa tatu kuipata baada ya Sidney Poitier na Denzel Washington. Mwaka huohuo aliteuliwa pia kama mwigizaji msaidizi katika Collateral, ingawa dereva wa teksi aliyemcheza anaonekana karibu filamu nzima.

Baadaye alicheza katika Django Unchained (2012), na katika filamu ya katuni ya Soul (2020) alitoa sauti ya mwalimu wa muziki anayepiga piano.