Namna urani inasaidia kuhesabu miaka ya theluji ya Antaktika

Kwa wakaaji wa Likasi, neno urani linakumbusha Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na mji. Kule ndiko ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Union Minière iliufunga mgodi huo mwaka 1960. Lakini urani iko na kazi ingine: inasaidia kujua umri wa theluji kwenye Antaktika, bara la ncha ya kusini ya dunia.

Barafu ya kule si sawa na ile ya frigo, maji yaliyoganda. Inatokana na theluji inayoanguka mwaka kwa mwaka, tabaka juu ya tabaka. Theluji mpya ni nyepesi kwa sababu imejaa hewa. Uzito wa tabaka za juu unaikandamiza mpaka inakuwa barafu: meta moja ya ujazo inapima kilo 917 hivi. Maji ni kilo 1,000.

Umri wa tabaka unajulikanaje? Urani iko kidogo kidogo ndani ya udongo wa dunia yote, si Shinkolobwe tu. Inajigeuza polepole, na kati ya vitu inavyotoa ni radoni, gesi isiyoonekana. Hewani, radoni inageuka risasi 210, aina ya risasi yenye mionzi. Hii inashika kwenye vumbi na kuanguka pamoja na theluji. Kila miaka 22 hivi, nusu yake inaisha. Tabaka ikibaki na nusu, iko na miaka 22. Ikibaki na robo, miaka 44. Ikipita miaka mia moja, inayobaki ni kidogo sana.

Mbelgiji Edgard Picciotto alikuwa katika safari iliyojenga kituo cha Roi Baudouin kule Antaktika mwaka 1958. Miaka ya 1960, yeye na Ghislaine Crozaz walitumia njia hii kwa theluji ya ncha ya kusini. Kujua theluji inayoanguka kila mwaka ndiko kunaonyesha kama barafu inaongezeka ao inapungua, na kama bahari itapanda.

Kongo nayo iko na barafu, juu ya mlima Ruwenzori, Kivu ya Kaskazini, mpakani na Uganda. Ile iko karibu kuyeyuka wakati wote. Maji yanapenya na kuvuruga alama za miaka. Pande zote mbili za mpaka, ilikuwa kilometa mraba 6.5 hivi mwaka 1906. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1 tu.