Bunduki za uwindaji wa usiku kwa darubini ya joto: aina, umbali na sheria

Nchini Marekani, uwindaji wa usiku wa wanyama wanaoshambulia mifugo umebadilika sana tangu darubini zinazoona joto zilipoanza kuuzwa kwa raia. Zana iliyokuwa ya majeshi sasa hufungwa juu ya bunduki ya mfugaji wa kondoo. Swali linaloulizwa mara nyingi ni bunduki ya aina gani inayoifaa kazi hiyo. Jibu lake linategemea jambo ambalo wanunuzi wengi hulifikiria mwisho: si umbali ambao risasi inaweza kufika, bali umbali ambao mwindaji anaweza kumtambua kwa hakika mnyama aliye mbele yake.

Mnyama anayewindwa

Anayelengwa zaidi ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye uzito wa takriban kilo 9 hadi 20, anayewazidi umbo bweha wa Afrika Mashariki lakini mdogo kuliko mbwa mwitu wa Amerika Kaskazini. Hupatikana katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii. Taarifa za Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo zimekuwa zikimtaja kuwa ndiye mla nyama anayeongoza kwa kuua kondoo na wanakondoo. Katika jimbo la Texas, koyote hana msimu anaolindwa wala kikomo cha idadi inayoruhusiwa kuwindwa, na anaweza kuwindwa usiku katika ardhi ya mtu binafsi kwa ridhaa ya mwenye ardhi.

Kwa kuwa koyote huepuka watu na hutembea zaidi usiku, wawindaji wa zamani walitumia taa zenye vioo vyekundu, au walisubiri mbalamwezi. Darubini ya joto imeondoa haja ya mwanga wa aina yoyote.

Darubini ya joto inavyofanya kazi

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Darubini ya joto hupokea mionzi hiyo kwa kihisi chenye maelfu ya vipande vidogo viitwavyo pikseli, kisha hulinganisha joto la sehemu mbalimbali na kuchora picha. Mnyama mwenye damu ya moto huonekana kama umbo jeupe au jeusi lililojitenga na ardhi iliyopoa. Hapa ndipo darubini hii inapotofautiana na miwani ya usiku ya kawaida, ambayo hukuza mwanga hafifu wa nyota na mwezi, na hushindwa pale mwanga unapokosekana kabisa.

Hata hivyo, darubini ya joto ina mipaka yake. Haioni rangi wala mabaka ya manyoya. Ukungu mzito na mvua huipunguzia uwezo. Mawe yaliyopigwa na jua mchana kutwa huendelea kung'aa saa kadhaa baada ya machweo. Tena, haioni kupitia kioo cha kawaida, na ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa germaniamu. Mtu aliyeketi ndani ya gari lililofungwa vioo, au aliyesimama nyuma ya dirisha la nyumba, anaweza asionekane kabisa katika darubini hiyo, ilhali risasi haizuiwi na kioo.

Kuona si kutambua

Matangazo ya biashara hutaja umbali wa kuona unaozidi kilomita moja. Takwimu hiyo inaweza kuwa ya kweli na bado ikampotosha mnunuzi. Mwaka 1958, mtafiti wa jeshi la Marekani John Johnson aliweka vigezo vinavyotumika hadi leo kutenganisha hatua tatu: kugundua kwamba kuna kitu, kujua ni kitu cha jinsi gani, na kukitambua barabara. Kwa hesabu za vihisi vya sasa, hatua ya kwanza huhitaji pikseli 2 hivi juu ya umbo linalotazamwa, ya pili pikseli 8, na ya tatu karibu 13.

Chukua mfano wa darubini nzuri yenye lenzi ya milimita 50 na pikseli za maikromita 12. Katika umbali wa mita 100, kila pikseli hufunika sentimita 2.4. Koyote ana kimo cha takriban sentimita 60 begani. Kwa hesabu hiyo, darubini itamwonyesha kama nukta ya joto akiwa umbali wa mita 1,250. Kwamba ni mnyama wa miguu minne wa jamii ya mbwa, hilo litajulikana akiwa mita 300 hivi. Kumtambua barabara kutawezekana akiwa ndani ya mita 190. Na vigezo vya Johnson vilipangwa kwa kiwango cha kufaulu nusu ya mara tu, kwa hiyo mwenye kutaka hakika hana budi kumwacha mnyama asogee karibu zaidi. Kukuza picha kwa kubonyeza kitufe hakusaidii, kwani hukuza pikseli zilezile bila kuongeza taarifa mpya.

Kisa cha North Carolina

Hatari ya kuona bila kutambua ilifikishwa mahakamani mashariki mwa jimbo la North Carolina. Huko ndiko anakoishi porini mbwa mwitu mwekundu, mmoja wa wanyama adimu kuliko wote duniani, aliyerudishwa mwaka 1987 katika hifadhi ya Alligator River baada ya kutoweka kabisa porini. Mbwa mwitu mwekundu mzima humzidi koyote kwa uzito, lakini aliye mchanga hufanana mno na koyote mzima. Hata mchana, mtu mzoefu anaweza kuwachanganya.

Mwaka 2012 mamlaka ya wanyamapori ya jimbo hilo iliruhusu koyote wawindwe usiku, yakiwemo maeneo wanamoishi mbwa mwitu hao, ambao wakati huo walikadiriwa kuwa 100 hivi. Mashirika ya uhifadhi yalifungua kesi yakidai kwamba ruhusa hiyo inavunja sheria ya kuwalinda viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa baadhi ya mbwa mwitu walikuwa wakipigwa risasi na watu waliodhani ni koyote. Mei 2014 jaji wa mahakama ya shirikisho alisimamisha uwindaji wa koyote katika wilaya tano. Makubaliano yaliyofikiwa mwishoni mwa mwaka huo yaliruhusu uwindaji wa mchana kwa kibali, na kupiga marufuku ule wa usiku katika wilaya hizo.

Mahakama haikubishania ubora wa bunduki. Hoja ilikuwa kwamba gizani mpigaji hawezi kuwa na hakika ya anachokipiga.

Bunduki ya bolti

Aina ya kwanza inayotumika sana ni bunduki ya bolti. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachofanya kazi kama komeo la mlango: baada ya kila risasi, mpigaji hukiinua na kukivuta kwa mkono ili kutoa ganda tupu, kisha hukisukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Muundo huo ulikomaa Ujerumani katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898, na bunduki nyingi za uwindaji za leo zinaufuata.

Sifa zake ni usahihi wa shabaha, vipande vichache vinavyoweza kuharibika, na uwezo wa kutengenezwa kwa risasi za aina nyingi. Inaweza pia kufungwa polepole bila kelele katika usiku mtulivu. Udhaifu wake ni kwamba mkono unapovuta bolti, bunduki hutikisika na picha ya joto hupotea kwa nukta kadhaa. Kwa kuwa koyote mara nyingi huja wawili au zaidi, wa pili huwa ameshatokomea. Aidha, darubini nyingi za joto ni ndefu na nzito, nazo huhitaji jicho liwe karibu, hivyo mnunuzi anapaswa kuhakikisha kwamba nafasi ya kuifungia inatosha na kwamba mkono wa bolti hauigusi.

Bunduki ya nusu otomatiki

Aina ya pili hutumia nguvu ya risasi iliyofyatuliwa kutoa ganda na kupakia risasi inayofuata, ingawa kila risasi huhitaji kidole kibonyeze upya. Inayojulikana zaidi Marekani ni AR-15, iliyobuniwa na kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Herufi AR zimetokana na jina la kampuni hiyo.

Wawindaji wa usiku huipenda kwa sababu jicho halibanduki kwenye darubini kati ya risasi moja na nyingine, na kwa sababu ina reli ndefu juu yake inayopokea darubini ya ukubwa wowote. Lakini magazini yake huweka kikomo: risasi nzima haiwezi kuzidi urefu wa milimita 57 hivi. Risasi ya .243 Winchester, yenye urefu wa karibu milimita 69, haiingii. Anayeitaka huhitaji bunduki kubwa na nzito zaidi. Tena, wepesi wa kupiga mara ya pili ni faida kwa yule tu ambaye amemtambua mnyama wa pili kama alivyomtambua wa kwanza.

Kulinganisha risasi na umbali

Risasi ya .223 Remington, yenye uhusiano wa karibu na risasi ya kijeshi ya miaka ya 1960, ndiyo ya kawaida kwa koyote. Kichwa chake cha gramu 3.6 hutoka kwa kasi ya karibu mita 980 kwa sekunde, msukumo wake begani ni mdogo, na bei yake ni nafuu. Ile ya .22-250 Remington hutoka kwa kasi inayozidi mita 1,100 kwa sekunde na njia yake hunyooka zaidi, lakini huchakaza mtutu mapema. Ya .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955, ina kichwa kizito kinachostahimili upepo na inaweza kutumika pia kwa swala.

Tofauti hizo huonekana zaidi nje ya mita 250. Ikiwa darubini humtambulisha mnyama ndani ya mita 190 tu, basi .223 inatosha, na fedha za kununulia risasi yenye kasi zaidi zingefaa zielekezwe kwenye lenzi na kihisi bora. Isisahaulike kwamba hata risasi hiyo ndogo, ikikosa shabaha na kuelekezwa juu, inaweza kusafiri kilomita kadhaa. Kwa sababu hiyo wawindaji makini hukagua eneo mchana, hujua nyumba, barabara na mazizi yalipo, na hupiga tu pale penye kilima au ardhi ya kuipokea risasi.

Desturi nyingine muhimu ni kutopekua uwanda kwa darubini iliyo juu ya bunduki, kwa sababu kila anachokitazama mtu kwa darubini hiyo huwa amekielekezea mtutu. Darubini ndogo ya mkononi hutumika kutafuta; bunduki huinuliwa baada ya mnyama kutambuliwa.

Sheria huamua kabla ya mnunuzi

Katika nchi nyingi, uchaguzi kati ya aina hizo mbili hauko mikononi mwa mwindaji. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za nusu otomatiki mwaka 1988, isipokuwa zile ndogo za .22, kufuatia mauaji ya Hungerford ya mwaka uliotangulia. Wakulima wake wanaodhibiti mbweha usiku kwa darubini za joto hutumia bolti. Australia iliziwekea vizuizi vikali mwaka 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, na New Zealand ikazizuia nyingi mwaka 2019 baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch. Nchini Marekani kwenyewe, kanuni za uwindaji wa usiku hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na kuzisafirisha darubini za joto za bunduki nje ya nchi bila kibali ni kosa la jinai.

Joto lilelile, kazi nyingine

Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mfugaji anayesumbuliwa na simba au fisi hutakiwa kuliarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Teknolojia ya joto hata hivyo imefika huko kwa njia tofauti: tangu 2016, shirika la WWF limesaidia kupeleka kamera za joto katika eneo la Maasai Mara, ambako walinzi huzitumia usiku kuwasaka majangili. Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kijana wa Kimaasai Richard Turere alijulikana duniani kwa taa zinazomwekamweka kuzunguka zizi, zinazomfanya simba adhani kuna mtu anayetembea na tochi.

Kwa mfugaji mwenye ruhusa ya kisheria ya kutumia bunduki usiku, kama yule wa Texas, mpangilio ni uleule. Kwanza sheria ya mahali, pili umbali wa kumtambua mnyama, tatu risasi inayoutosha umbali huo, na mwisho ndipo aina ya bunduki. Anayeanza na bunduki huishia na silaha inayofika mbali kuliko macho yake.