Nukta iliyo kusini mwa Bariadi

Kilomita kama 22 kusini mwa mji wa Bariadi, latitudo ya 3 Kusini inakatana na longitudo ya 34 Mashariki. Mwanafunzi huichora mistari hiyo kwa rula daftarini, lakini ardhini haionekani. Kinachoonekana upande ule wa mkoa wa Simiyu ni mashamba ya pamba na mtama, nyua za minyaa, ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kungojea kiangazi, na mawe makubwa ya matale. Longitudo hiyo ya 34 inapita ubavuni mwa mji wenyewe. Ukiifuata moja kwa moja kuelekea kaskazini, baada ya kilomita mia na ushei unatokea jirani na Butiama.

Wako watu wanaosafiri nchi hata nchi ili wakanyage makutano ya namna hiyo. Aliyeanzisha jambo hilo ni Mmarekani Alex Jarrett, mwaka 1996, akiwa na kifaa kipya cha GPS mkononi. Sharti lake ni jepesi kulieleza na gumu kulitimiza: fika ndani ya mita 100 za makutano, piga picha pande zote nne, kisha simulia ulivyofika na uliowakuta.

Miaka minne baadaye ukazaliwa mchezo uliokuja kuupita huo kwa mbali. Hadi wakati ule Marekani, yenye setilaiti za GPS, ilikuwa ikivuruga makusudi ishara zinazowafikia raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa. Ghafla kifaa cha raia kiliweza kumfikisha mtu hadi kwenye mti, si kwenye msitu tu. Kesho yake Dave Ulmer aliweka ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatia ndani daftari, vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, akatangaza latitudo na longitudo yake. Haikupita wiki, watu wakawa wameipata. Jiokashingi ikaanza hivyo, na kanuni yake haijabadilika sana: tafuta kopo lililofichwa, andika jina lako daftarini, ukichukua kitu acha kingine chenye thamani ileile, rudisha kopo pale pale ulipolikuta.

Ufundi wenyewe unavutia. Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85, na wachezaji huandika dakika hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta, yaani kipimo cha mita 2 hivi. Simu haina uhakika wa kiasi hicho. Inakuleta mita 5 au 10 kutoka kwenye kopo, halafu inaanza kuyumba. Hapo kazi inahamia machoni: jiwe lililolala visivyo, nyasi zilizolazwa, kijiti ambacho hakikuanguka chenyewe. Mchungaji wa Kisukuma aliyewahi kufuata kwato za ng'ombe aliyepotea angelishinda kundi zima la wageni wenye vifaa vya bei kubwa.

Leo dunia ina vikopo zaidi ya milioni 3, na mwaka 2008 Richard Garriott alikipeleka kimoja hadi kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa. Tanzania navyo vipo, na vingi vimefuata njia za watalii: Zanzibar, Arusha, Kilimanjaro. Simiyu iko pembeni mwa njia hizo, ingawa eneo lake la mashariki linapakana na Serengeti.

Lakini Simiyu ilishawahi kutafutwa kwa namba, tena na mtu mashuhuri. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Zanzibar, wakiwa wamebeba mashua iitwayo Lady Alice vipandevipande mabegani. Alikuwa na vyombo vya kupimia jua na saa za usahihi, maana longitudo ya zama zile ilipatikana kwa kulinganisha saa ya mahali ulipo na saa iliyotunzwa tangu pwani. Saa ikipotea dakika moja tu, unajikuta kilomita zaidi ya 27 kutoka ulipo kweli. Alikuwa akitafuta mahali Nile inapoanzia. Alipopita nchi ya Wasukuma alikutana na mto Simiyu, akaamini kwamba ndio chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Tarehe 27 Februari 1875 alifika Kageyi, mashariki ya Mwanza, na tarehe 8 Machi akaishusha mashua katika Ziwa Victoria kuanza kulizunguka. Akapita Ghuba ya Speke, ambako Simiyu inamwaga maji yake.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Kwa muda, mto ambao wanawake wa vijijini waliteka maji yake na kunywesha ndama ulikaa mbele ya wasomi wa London ukigombea heshima ambayo Ulaya ilikuwa imeitafuta kwa karne nyingi. Baadaye wapimaji walithibitisha kwamba Kagera ni tawi kubwa na refu zaidi, na mwaka 1938 Mjerumani Burkhart Waldecker akajenga piramidi ndogo huko Rutovu, Burundi, kuweka alama ya chemchemi aliyoiona kuwa ya kusini kabisa. Simiyu ikatoka kwenye shindano. Waliobaki nje ya simulizi tangu mwanzo ni wale waliomwonyesha Stanley kivuko, wakamtajia jina la mto na kumwambia unatoka wapi. Yeye aliandika namba. Wao ndio waliokuwa wanapajua mahali. Hilo linaniuma hadi leo kila ninapoitazama ramani ya zamani ya Kanda ya Ziwa. Walau jina la mto halikufutika, na mwaka 2012 likapewa mkoa mpya, Bariadi ikiwa makao makuu.

Kutafuta alama iliyojificha si jambo geni mkoani. Anayenunua kiwanja kilichopimwa huulizia bikoni kabla ya kitu kingine. Ni kisiki kidogo cha zege chenye chuma katikati na namba yake, na baada ya mvua mbili tatu huwa kimezama kwenye magugu. Utawaona mnunuzi, muuzaji na jirani wa shahidi wakipapasa kwa jembe, mmoja akishikilia ramani ya mpimaji, mwingine akihesabu hatua kutoka kwenye mwembe. Ikipatikana, wote hupumua.

Kisha mwaka 2022 ukafika, na kazi ya namba ikashuka hadi mlangoni. Katika Operesheni ya Anwani za Makazi, vijana walipita mtaa kwa mtaa na simu, wakisimama mbele ya kila nyumba kuchukua mahali ilipo na kuipa namba. Agosti mwaka huohuo makarani wa Sensa walifuata na vishikwambi, na mkoa ukahesabika kuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kwa mara ya kwanza waliosoma namba za Simiyu kwa wingi namna hiyo walikuwa wenyeji.

Faida ya kazi ya namna hiyo ilikwishaonekana kwa majirani zetu wa Mara. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea kuchora vijiji vya Tanzania kwenye ramani huru ya OpenStreetMap kwa kutazama picha za setilaiti, kisha wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vitongoji, zahanati na njia. Sababu ilikuwa ya dharura: wasichana waliotaka kukimbia ukeketaji walihitaji kufikiwa usiku, na kijiji kisichokuwa kwenye ramani hakifikiki gizani. Nyumba salama ya Mugumu, inayoongozwa na Rhobi Samwelly, ikaitumia ramani hiyo.

Kwa hiyo Bariadi inao watu wanaoweza kuuchukua mchezo wa jiokashingi na kuufanya wao. Kopo la plastiki lenye mfuniko mzuri, daftari, kalamu na simu vinatosha. Ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji na ya mwenye shamba ni lazima, maana mgeni anayechungulia chini ya mawe ya watu bila hodi atazua taharuki. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa kopo lisiwekwe kabisa. Ipo aina ya mchezo isiyotumia kopo, iliyoanza mwaka 2004, ambapo mtu hufika penye mwamba au udongo wa pekee na kujibu maswali kuhusu ulivyotokea. Matale ya Simiyu yanaifaa sana. Msimu wa kuanza ni kiangazi, baada ya pamba kuvunwa. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani hauruhusu hata baiskeli. Na daftari la kwanza, kule kwenye makutano ya 3 na 34, wenyeji waliandike kwa Kisukuma wakipenda.