Kupasua ini kwa matundu: hofu ilikuwa damu

Wadau, siku hizi uvimbe wa saratani unaweza kukatwa kwenye ini kwa kupitia matundu madogo tumboni. Msidhani jambo hili lilikuja kirahisi. Madaktari waliliogopa, kwani ini limejaa mishipa. Tumbo likiwa wazi, panapovuja damu daktari anapabana kwa mkono. Kwenye matundu, mkono haupiti.

Ramani ilikuwepo. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud aligawa ini katika sehemu 8, kila moja na mishipa yake, kwa hiyo moja ikitolewa nyingine huendelea na kazi. Lakini mmoja wa walioripoti mapema kabisa kukata ini kwa matundu, mwaka 1991, alikuwa Mmarekani Harry Reich, daktari wa magonjwa ya wanawake! Tena uvimbe aliotoa haukuwa saratani.

Kumbe na gesi ilisaidia. Tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi ili kamera ione, na mgandamizo wake hupunguza damu inayovuja kwenye vena.

Je, saratani inaondolewa sawasawa? Huko Oslo, Norwei, wagonjwa 280 wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini waligawanywa kwa kura. Matokeo ya 2018: waliopata matatizo baada ya upasuaji ni 19% kwa matundu, 31% kwa tumbo wazi. Baadaye ikaonekana kwamba idadi ya waliokuwa hai baada ya miaka 5 karibu ililingana.

Kwangu mimi, hiyo ya mwisho ndiyo habari. Kovu dogo ni zuri, uhai kwanza. Mnasemaje?